Blanketi la Kamba ya Katikati

Saa 3:20 asubuhi

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka sabuni na kitambaa kilichoungua. Mjomba alisogeza pasi pembeni, akachukua chaki ya kuwekea nguo alama, akachora mezani. Mraba huku. Mraba kule. Mstari katikati.

"Hii ofisi. Hili ghala. Na hapa," akagonga mstari, "ni sisi."

Walikuwa wanne. Mjomba, mkuu wa genge, mtu asiyepaza sauti kwa sababu hajawahi kulazimika. Dobi, mwenye nyumba hiyo, mwanamke wa mabega mapana ambaye kwa miaka kumi alikuwa jicho la genge, akichungulia mitaa kutoka paa lake la kuanikia nguo. Breki, dereva, aliyeitwa hivyo kwa kuwa breki hazijui. Na Fundi, mpwa wa Mjomba, fundi wa mitandao mwenye kadi halali mfukoni na kazi za pembeni zisizo halali.

Wa tano alikuwa rumande. Kaka yake Fundi. Siku thelathini zilizopita, Jumapili mchana, yeye na Mjomba waliruka ukuta wa ghala lile. Mlinzi mmoja akapigwa nondo ya kichwa, akafa. Kaka akakutwa uani, amepiga magoti kando ya maiti. Tangu hapo hajafungua mdomo. Kesi ya mauaji si kesi ya kuku, na ushahidi wa kumtetea haupo.

"Mimi nilishatoka nje," Mjomba aliwaeleza siku ile. "Walinzi walikuwa wawili. Waligombana wenyewe kwa wenyewe."

Fundi alimwamini. Mtu aliyekulea tangu una miaka sita, ukimtilia shaka yeye utamwamini nani?

Ijumaa iliyopita wakili wa kampuni yenye ghala alisimama mahakamani, akasema kamera ya uani siku ile ilikuwa mbovu. Fundi, kwenye benchi la nyuma, nusura acheke kwa hasira. Kamera ile aliifunga kwa mikono yake, ilikuwa nzima kama jicho la paka. Kampuni ilikuwa na mizigo yake ya Jumapili ambayo haikutaka hakimu aione, basi. Picha zilikuwemo kwenye mashine ya kurekodi, ofisini. Mashine hutunza siku thelathini, kisha hujifuta yenyewe, saa baada ya saa. Leo, ikifika saa nane mchana, Jumapili ile ingefutika, na Kaka angefutika nayo.

"Mashine iko nyuma ya mlango wa chuma," alisema Fundi. "Hatuifikii. Lakini ghala linaazima mtandao wa ofisi. Kuna sahani mbili za kurushiana mawimbi, moja juu ya kila paa, zinatazamana. Anayekaa kwenye kompyuta ya ghalani ni sawa na aliyekaa ofisini."

"Na utaingiaje ghalani?" Breki aliuliza.

"Wataniita wenyewe. Hawakutaka kununua mlingoti mrefu, kwa hiyo mawimbi yanapita juu ya paa la Dobi, chini kidogo ya kamba ya katikati. Nguo kavu haina neno. Blanketi lililolowa ni ukuta."

Dobi alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe miaka yote hii mimi ndiye ninayewakatia mtandao?"

"Kila Jumatatu, siku yako ya mablanketi. Wananiita, nawaambia ni kutu."

Hata Mjomba alitabasamu.

"Sikilizeni," Fundi aliendelea. "Saa sita na nusu, blanketi kamba ya katikati. Mtandao unakufa. Naitwa. Nikishaingia, linashushwa. Kukiwa na soo, polisi au nini, tundikeni blanketi kamba ya pembeni, kule kwenye tangi. Nitaliona dirishani. Ya katikati isiguswe tena hadi nitoke. Ikiguswa, tumeumia."

"Tumesikia," alisema Mjomba. Akafuta chaki kwa kiwiko. "La pembeni likipanda, mpwa wangu, unaacha kila kitu unakimbia. Hiyo ni sheria yetu tangu zamani."

Saa 6:50 mchana

Simu iliita. Mtunza stoo wa ghala.

"Fundi, mtandao umekufa tena, na leo wala si Jumatatu!"

"Nakuja, mama. Nipo jirani."

Breki alimshusha getini. Mlinzi mpya alitazama kadi, akatazama ngazi begani, akafungua. Fundi alipita uani bila kuinamisha kichwa. Pale kwenye saruji palikuwa na doa lililosuguliwa likakataa kutoka. Alilitazama kwa makusudi.

Mtunza stoo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, miwani imening'inia kifuani. Alimpisha kwenye kiti chake.

"Ukimaliza niite. Nina maroli mawili ya kukagua."

Saa 7:14 mchana

Blanketi lilishashuka. Mtandao ulirudi. Fundi alichomeka flashi, akaifungua mashine ya kurekodi kwa neno la siri alilolitunga yeye mwenyewe mwaka juzi. Hawakuwa wamelibadilisha. Watu wa kampuni hubadilisha makapeti tu.

Akaichagua Jumapili ile. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Picha ni nzito, mtandao wa kuazima ni mwembamba. Dakika arobaini, kompyuta ilisema.

Hakuifungua kutazama. Muda haukutosha. Na moyoni mwake kulikuwa na kitu kilichoogopa, ingawa hakukipa nafasi ya kusema.

Saa 7:38 mchana

Asilimia sitini na moja. Mstari ukasimama.

Fundi alihesabu hadi tano. Haukusogea. Akaenda dirishani.

Juu ya paa la Dobi kulikuwa na blanketi. Zito, jekundu, linachuruzika maji. Si pembeni kwenye tangi. Katikati.

Akampigia Breki. "Huko nje vipi?"

"Peupe. Hata trafiki hakuna. Kwani vipi?"

Akampigia Dobi. Iliita, iliita, ikakatika. Kisha simu yake ikaita. Mjomba.

"Toka, mpwa wangu. Polisi wanakuja."

"Wako wapi?"

"Usiniulize maswali. Blanketi hulioni?"

"Naliona. Liko kamba ya katikati, Mjomba."

Maji yaliendelea kuchuruzika paani.

"Kukiwa na polisi ni la pembeni," alisema Fundi. "La katikati ni la kuua mtandao. Shida yako si mimi kutoka. Hutaki picha zitoke. Ni wewe uliyempiga yule mlinzi."

Mjomba hakukana. Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko yote.

"Alinishika mguu," Mjomba alisema, taratibu kama kawaida yake. "Nondo ilikuwa mkononi. Kaka yako alirudi kumsaidia, mjinga yule, ana huruma kama mama yenu. Nilimwambia afunge mdomo, akakubali. Yeye hana mke. Hana mtoto. Mimi nina nyumba mbili zinanitazama. Niliwalea, mpwa wangu. Hamkulala njaa hata siku moja."

"Ni kweli. Hatukulala njaa."

"Basi toka. Breki anakusubiri. Tusahau."

"Sitoki," alisema Fundi, akakata simu.

Saa 7:43 mchana

Alipanda ngazi hadi juu ya paa la ghala. Bati lilikuwa la moto, likamchoma magoti. Sahani ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha bomba, ukubwa wa sinia ya chai. Nyuma yake alikuwa ameacha waya wa akiba umeviringwa, jinsi anavyofanya kila kazi. Akafungua nati mbili kwa spana. Akaitoa sahani, akaishika kwa mikono miwili, akainyanyua juu ya kichwa.

Kama hawezi kupita kwenye blanketi, atapita juu yake.

Akageuza kidogo kulia. Kidogo kushoto. Taa ndogo nyuma ya sahani ikawaka nyekundu, njano, kisha kijani. Akaganda hapo hapo, mikono juu, mchana kweupe, mbele ya ua wote.

"Wewe!" Mlinzi mpya alipiga kelele kutoka getini. "Unafanya nini huko?"

"Natengeneza mtandao."

"Nani anatengeneza mtandao kwa kuushika?"

Saa 7:49 mchana

Mtunza stoo alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Fundi alimsikia akiguna chini ya bati, karibu na ngazi. Kisha sauti yake ikapanda, imebadilika.

"Fundi. Hii ya Jumapili unainakili ya nini?"

Angeweza kumdanganya. Midomo yake ilishazoea. Lakini mikono ilikuwa inawaka moto, na uongo unahitaji nguvu.

"Mama, ni ile siku ya mlinzi wenu. Kamera haikuwa mbovu. Saa nane inajifuta. Mimi ni ndugu yake huyo aliyeko rumande, na ndiyo, sisi ni wezi. Ila hakumuua. Ukichomoa waya huo, hakuna atakayejua aliyeua."

Mlinzi mpya alishafika kwenye ngazi.

"Nimshushe, mama?"

"Mguse uone," alisema mtunza stoo. "Miaka tisa yule baba alinifungulia geti hili kila asubuhi. Nilimzika nikiambiwa kamera mbovu." Akavuta kiti kwa kishindo. "Fundi! Sabini na nne."

Machozi yalimtoka Fundi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Ahsante, mama."

"Usiniahsante. Shikilia."

Saa 7:53 mchana

Ng'ambo, Mjomba alitokea katikati ya nguo. Walitazamana juu ya mapaa. Mjomba akaokota mti wa kuinulia kamba, akaanza kuipandisha, blanketi na maji yake yote. Taa ikarudi njano.

Fundi akakanyaga ukingo wa tangi la maji la ghala. Akapanda. Ikawa kijani.

Mjomba akapandisha zaidi. Njano. Kisha nyekundu.

Mlango wa ngazi ya Dobi ulivunjwa kutoka ndani. Dobi alitoka na mkono unavuja damu, mkasi wa kukatia viraka mkononi. Mjomba alikuwa amemfungia kwenye chumba cha pasi. Dobi hakumsemesha. Hakumgusa hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba yake, akaikata, na blanketi likaanguka chini kama mzoga.

"Themanini na nane!" mtunza stoo alipaza sauti.

Mjomba alisimama na mti wake mikononi, hana cha kuinua. Kwa mara ya kwanza Fundi alimwona amezeeka. Alimpenda mtu yule, hata wakati huo, na upendo huo haukumfanya ashushe mikono.

Saa 7:58 mchana

"Tisini na sita."

Mabega yalishakufa ganzi.

"Tisini na tisa. Ngoja. Ngoja, mwanangu." Kisha: "Mia."

Akaiachia sahani. Ilining'inia kwenye waya wake. Mikono ilichelewa kushuka, ikabaki hewani kana kwamba si yake. Ng'ambo paa lilikuwa na Dobi peke yake, amekaa juu ya blanketi, anafunga kidonda kwa soksi ya mteja.

Nje ya geti honi ililia mara mbili. Breki. Gari lilikuwa linanguruma, mlango uko wazi, njia peupe. Fundi alishuka ngazi. Mtunza stoo alisimama na flashi kiganjani, anamnyooshea.

"Chukua. Kimbia basi."

Fundi aliitazama flashi. Akatazama geti.

"Mkononi mwangu ni mali ya wizi, mama. Watasema nimeichezea. Mkononi mwako ni ushahidi. Ipeleke wewe. Useme umeiona ikitoka kwenye mashine."

"Na wewe?"

"Mimi sisogei. Polisi wakija wanikute, wakiniuliza niwajibu. Nyumbani kwetu kuna mmoja ameshanyamaza, anatosha."

Honi ililia tena, kwa hasira, kisha gari likaondoka bila kupunguza mwendo kwenye kona. Mlinzi mpya alimfunga mikono kwa waya wa mtandao, akiomba radhi kila anapokaza. Akatoa daftari la wageni, akafungua ukurasa wa leo.

"Jina nani nikuandike?"

"Andika mdogo wake," alisema Fundi. "Wenyewe watajua ni wa nani."