Tiki Tano za Wayua

Kila jioni Wayua alipomaliza kuosha vyombo, alichukua kalamu na kusimama mbele ya kalenda ya mwaka 2006 iliyoning'inia ukutani. Baba yake, Mwololo, alichonga mawe ya kujengea katika timbo moja nje ya Kitengela. Akirudi nyumbani alipaswa kuvua viatu na kuziangalia nyayo zake, kisha Wayua aweke tiki. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, lakini Mwololo alikuwa bingwa wa visingizio.

Mwololo alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Mpango wa kalenda ulianza siku Bi Mugure, mshauri wa afya wa kanisa lao, alipowatembelea mara ya kwanza.

"Daktari, leo umeniletea sindano gani?" Mwololo alimtania.

"Mimi si daktari, Baba Wayua. Dawa utapewa hospitali. Mimi niko na maswali tu. Kwa yale yote daktari alikuambia, ni gani unaona utaweza kuanza nayo?"

Mwololo alikuna kichwa. Watu walikuwa wamemkaripia sana, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Akachagua nyayo, kwa sababu kisukari kilikuwa kimezitia ganzi.

"Mambo ya sukari kwa chai tutaongea siku ingine," akaongeza haraka, na Mugure akacheka.

Wiki ya tatu kazi ilizidi timboni. Mwololo akarudi hoi.

"Weka tu tiki, mama. Siwezi kuinama."

Wayua alimhurumia, akaweka. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Siku ya tano aliona damu sakafuni. Kipande cha jiwe kilikuwa kimeingia ndani ya buti, na Mwololo alikuwa amekikanyaga kwa siku kadhaa bila kuhisi chochote. Alikung'uta vumbi la mawe kutoka kwenye suruali yake akalipaka kidondani, kama walivyofanya wenzake timboni wakijikata.

"Usimwambie Mugure," alinong'ona. "Atasema niache kazi."

Jumamosi Mugure alifika, akaitazama kalenda iliyojaa tiki.

"Hongera, Baba Wayua!"

Mwololo alitabasamu, mguu ameuficha chini ya kiti. Wayua alisikia harufu mbaya ya kidonda. Alimpenda baba yake kupita kiasi, na sasa alimwogopea. Machozi yakamtoka.

"Auntie, nilidanganya. Tiki tano za mwisho niliweka tu. Baba ako na kidonda."

Mwololo alimkazia macho. Mugure hakumgombeza yeyote. Aliomba kuuona mguu, akautazama, uso wake ukabadilika.

"Hiki si cha maswali. Ni cha daktari, na ni leo."

Walimpeleka hospitalini Kajiado. Daktari alisema kwamba wangechelewa siku mbili tu, angelazimika kuukata mguu. Mwololo alilazwa siku tisa.

Aliporudi, Mugure alimtembelea tena.

"Baba Wayua, ni nini kilikushinda?"

"Uchovu. Na aibu pia."

"Sasa wewe mwenyewe unaona tufanye nini?"

Mwololo alifikiri sana. "Saa sita nitakung'uta buti na mwenzangu Muteti, kila mtu aangalie nyayo za mwenzake. Jioni, Wayua ataniangalia."

"Huo ni mpango wako, kwa hivyo utauweza," Mugure alisema. "Mimi naweza kuandamana na mgonjwa, hata na mzima ambaye hataki kuugua. Lakini siwezi kumsaidia mtu nisiyejua ukweli wake."

Wayua aliinama. "Baba, bado umenikasirikia?"

Mwololo alimvuta karibu.

"Nilikasirika, mama. Lakini kosa la kukuomba unifichie lilikuwa langu. Mguu huu niko nao kwa sababu ulisema ukweli. Hata nikikuomba tena unifichie ugonjwa, usinisikize."