Pole ya Mdomo wa Mtoto

"Kamwambie baba yako chakula kiko mezani. Akitaka ale, asipotaka amwachie paka."

Kidoti alitoka mbio barazani kwenye cherehani ya mama yake, akakata uani, akaingia karakana ya nyuma ambako Fundi alikuwa amepiga magoti anachomelea geti. Alisubiri cheche zipungue.

"Baba, mama anasema uje ule kabla hakijapoa. Anasema umechoka."

Fundi akavua miwani ya kazi. "Kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Mwambie nimesikia."

Kidoti akarudi barazani. "Mama, baba anasema asante sana."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao. Mbele cherehani, nyuma mashine ya kukatia chuma, katikati mtoto wa miaka minane anabeba maneno ya watu wazima wenye ndevu na matiti yao. Wakikutana ndani, kimya. Vijiko tu ndivyo vilivyosemezana.

Walipendana hawa, usinielewe vibaya. Kilichowatenganisha ni mimba. Siku ilipomharibikia Mama Kidoti njiani kutoka sokoni, alimpigia mumewe simu mpaka vidole vikafa ganzi. Simu ya Fundi ilikuwa kwenye koti lililotundikwa ukutani karakana, na mashine inanguruma. Jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Aliporudi bila tumbo, Fundi alimtazama, akamuuliza:

"Umekula?"

"Unawajengea watu mageti, kwako kunabomoka," mke akamjibu. Fundi akachukua mto wake, akahamia kwenye kochi. Basi. Toka hapo ikawa kamwambie baba yako, kamwambie mama yako.

Jumapili moja Kidoti alikuja barazani bila kutumwa.

"Mama, baba anasema pole."

Miguu ya mama ikasimama kwenye pedali. "Pole ya nini?"

"Ya mtoto. Anasema akimkumbuka analia kule nyuma. Anaona aibu kukwambia."

Mama Kidoti akainamia kitambaa, akashona mshono ukaenda upogo. Jioni Fundi hakuuona mto wake kwenye kochi. Ulikuwa umerudi kitandani. Hakuuliza, akaufuata. Walilala wamepeana migongo, lakini walilala kitanda kimoja.

Mtoto sasa ndiye aliyeanza kuharibika. Tumbo linauma kila asubuhi. Shuka linaloa. Siku moja mama akapata ujumbe kwenye simu:

"Habari mzazi. Kidoti haongei kabisa darasani, hata jina lake haitikii. Naomba mje wote wawili. Mwalimu wa darasa."

Wakaenda. Ofisi ilikuwa ndogo, viti vitatu, wakambananisha Kidoti katikati.

"Nyumbani anaongea?" mwalimu akauliza.

"Mno," mama akasema. "Huyu ndiye redio yetu."

Mwalimu hakucheka. "Redio ya kufanyia nini? Baba, hebu nieleze."

Fundi akakuna kichwa, akamgusa mtoto bega. "Mwambie mama yako aeleze yeye. Anajua kuongea."

Mwalimu akamkodolea macho. Mwanamke mwenyewe yuko pale, angeweza kumpiga kiwiko.

Kidoti akafungua mdomo. Akaufumba. Akaufungua tena, na badala ya maneno, mkojo ukamtoka ukashukia kwenye soksi.

"Siwezi," akalia. "Hapa mnanisikia wote wawili!"

"Tukikusikia kuna nini, mama yangu?" Mama Kidoti akamvuta kifuani.

"Baba hakusema pole. Niliisema mimi."

Mama Kidoti akainua uso, akamtazama mumewe, akasema naye kwa mdomo wake mwenyewe.

"Hukusema?"

Angeweza kudanganya. Mtoto alishamtengenezea njia.

"Sikusema."

"Na kulia?"

"Sikulia. Niliogopa."

"Uliogopa nini, mwanaume mzima?"

"Nikianza nisiweze kuacha. Simu zako nilizikuta jioni, zimejaa kioo kizima. Nikakaa nazo. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye chakula."

"Nilikurudishia mto wako kwa maneno ya mtoto."

"Nilidhani umenionea huruma."

"Nilidhani una moyo!"

Mwalimu akainuka taratibu, akatoka, akarudishia mlango. Alikuwa na akili kuliko wote mle ndani.

"Pole, mke wangu," Fundi akasema. "Pole kwa mtoto wetu. Ulikuwa peke yako. Mimi nilipaswa kuwepo."

Mama Kidoti akamfuta mtoto machozi kwanza.

"Nimeipokea. Lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi."

Fundi akakubali kwa kichwa. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kumvua Kidoti viatu na soksi zilizolowa.

"Kwa hiyo mtaachana?" mtoto akauliza. "Mimi nilikuwa nayasema ili msiachane."

Walitazamana.

"Leo hatuachani," mama akasema.

"Na kesho?"

"Kesho ukiuliza tutakujibu wenyewe, wote wawili, ukiwa hapo. Wewe kazi yako kucheza na kusoma. Umesikia?"

"Hata mkinuna?"

"Hata tukinuna," baba akasema. "Tutanuniana wenyewe."

Wakarudi kwa miguu. Kidoti alikuwa mgongoni kwa baba yake, amelala kabla hawajafika barabarani, mzito kama mtu aliyebeba mzigo mwaka mzima. Mama alifuata na viatu mkononi. Nusu ya njia aliona mabega ya mumewe yanatikisika. Akakaza mwendo, akamfikia, wakawa sambamba. Uso wa Fundi ulikuwa umelowa mpaka kidevuni, na mikono yote imemshika mtoto, hana wa kujifutia.

Akageuza uso pembeni.

"Usigeuke," mkewe akamwambia. "Lia. Mara hii acha nione mwenyewe."