Chupa za Mpekani

Upepo ulikuwa umetulia tangu alfajiri, lakini chupa zilikuwa bado zinavuma. Verlene alisimama uani na ndoo yake, akisikiliza. Hakuna hata jani lililotikisika. Chupa za buluu alizotundika marehemu bibi yake kwenye mpekani, mti wa njugu uliosimama kando ya nyumba, zililia moja moja, uuu, uuu, kama zinapulizwa kwa zamu.

Kimbunga kilikuwa kimeupasua mti ule kwenye panda, na nusu yake sasa iliinamia chumba cha Jonelle, binti yao wa pekee.

"Kesho unakatwa," alisema Dwight, mumewe. "Au unangoja umwangukie mtoto?"

"Fundi wa miti kasema ukibanwa kwa boliti za chuma utapona."

"Fundi halali chini yake, mke wangu. Anayelala ni Jonelle."

Verlene akanywea. Huko pwani ya Georgia, Marekani, kila mtu anajua kazi ya chupa zile: pepo anayezurura usiku huvutwa na ule ubuluu, akaingia, akanasa, na jua la asubuhi likamchoma humo humo. Lakini tangu kimbunga kije, jua lilikuwa halijaonekana. Akazitungua taratibu zisije zikavunjwa na msumeno, akazifunga kwa mataulo, akazisukuma chini ya kitanda cha Jonelle, maana nyumba ilivuja kila pembe isipokuwa pale. Masikini, alidhani anatunza urithi!

Jioni, chakula kikiwa bado jikoni, harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya matope ya kinamasi na nywele zilizoungua, ikamtoa Verlene mbele ya jiko, ikamvuta ukumbini hadi mlangoni kwa Jonelle, na pale akamsikia mwanawe anacheka, akanyamaza, akacheka tena, na kila aliponyamaza kitu kikamjibu kutoka chini ya kitanda, kwa sauti nzito za watu wengi wanaonong'ona pamoja.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na hawa. Wanasema nje kulikuwa na baridi. Wanauliza kama mimi nina joto."

Akamnyakua mtoto. Dwight akatoka mbio kumwita shangazi yake Ozella, ng'ambo ya barabara, aliyejua kutoa pepo kwa chumvi na mizizi. Mama yule alifika mlangoni, akanusa, akasita.

"Chupa ziko wapi?"

"Chini ya kitanda," Verlene alinong'ona.

"Gizani? We mwanamke una wazimu? Kinachowashika ni ubuluu. Gizani kuna buluu gani?"

Wakazirudisha mtini, midomo ikielekea shina, Ozella akinyunyiza chumvi na kuomba pepo walioponyoka wanaswe tena. Dwight mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi. "Haukatwi," alisema. "Aje fundi na boliti zake. Mimi nimeshika adabu."

Kulipopambazuka, jua likatoka. Chupa zikachachatika kama mafuta kikaangoni, kisha zikanyamaza. Ozella akacheka kwa furaha. "Wamekwisha! Mlete mtoto aote jua."

Verlene akamleta Jonelle hadi kizingitini. Mwanga ulipomgusa vidole vya mguu, mtoto akapiga yowe na kurudi nyuma. Vidole vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Mama, funga mlango. Linaniunguza."

Ozella hakucheka tena. "Mtoe nje, Verlene. Sasa hivi."

"Atakufa!"

"Atakayekufa si yeye."

"Una hakika, shangazi?" Dwight aliuliza.

Ozella akamtazama Jonelle, kisha akageuza uso.

Mtoto alikuwa amenyoosha mikono, machozi yanamtiririka. Macho yalikuwa yale yale. Mama gani angeweza? Verlene akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta mapazia yote huku Dwight akigonga kwa ngumi kutoka nje na kumwita, akapiga magoti gizani, na mikono midogo, ya baridi, ikamkumbatia shingoni, miwili, kisha mingine.