Kinywa cha Mgeni

Jua lilikuwa linazama daktari wa meno alipofunga kliniki yake. Alitia mkobani kijisanduku chenye meno ya bandia ya shangazi yake, akashika njia kwa miguu kumpelekea. Meno hayo yalikuwa yamepasuka pale Shangazi alipoyaangusha kwenye sinki, na tangu hapo bibi wa watu alikuwa anakula uji na kulalamika.

"Mama Meno," alimwambia kwa simu, "watu baki unawatengenezea vinywa, mimi wa damu yako unaniacha na fizi kama kichanga?"

Jina hilo la Mama Meno alilibuni yeye mwenyewe siku daktari alipofaulu mtihani wake wa mwisho. Shangazi alikuwa na utani usio na breki. Angeweza kumchekesha mfiwa kaburini, kisha akalia naye. Ndiye aliyemlea daktari baada ya mama yake kufariki, na tangu baba naye alipofariki, walibaki wawili tu.

Alipofika kwa Shangazi, daktari alibisha hodi. Kimya. Akabisha tena.

Jirani alikuwa anaanua nguo uani. "Kaenda darasani," alisema. "Siku hizi hakosi." Akasita, shuka mkononi. "Hebu kamwangalie, daktari. Juzi nimemsalimia, akanitazama kama hanijui. Na mdomo wake... nisamehe mwenzangu, unanuka."

"Darasa gani?"

"Si ndilo lile la Mfunuzi."

Daktari alikunja uso. Mfunuzi alimfahamu tangu zamani.

Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu aliyeipenda elimu ya mambo ya ndani, ile ya roho na nafsi na siri za moyo. Jioni watu wachache walikuja kuketi naye barazani, Shangazi akiwamiminia chai na kuwatania. Baba alikuwa mchoyo wa maneno hayo. Nafsi, alisema, ni kile kinachopiga kelele ndani ya mtu: mimi, mimi, mimi. Utupu ni kukinyamazisha, ili wengine wapate nafasi. Na katika nafasi hiyo huingia huruma, ambayo yeye aliiita Mgeni. "Ukijiona umekuwa mtupu, na humhurumii hata paka aliyenyeshewa," alisema, "basi ujue hujawa mtupu. Umeoza."

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo kijana mmoja mwenye sauti nzuri. Huyu hakuwahi kuuliza maana ya neno lolote. Aliyarudiarudia tu chini kwa chini, kama mtu anayemung'unya peremende. Baba alipozikwa, udongo haujakauka, kijana akafungua darasa lake na kujiita Mfunuzi, eti mfunua siri. Daktari alimsikia mara moja akihubiri kwenye sebule ya watu. Nafsi, utupu, Mgeni... Ilikuwa kama kumwona mtu asiyemjua akitamba barabarani na nguo za marehemu baba yake, tena hajazifua.

Akageuza njia.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Duka lilikuwa limeshafungwa. Ngazi zilikuwa nyembamba na taa yake haikuwaka. Daktari alipanda akishika ukuta, na alipofika nusu ya ngazi, harufu ikampiga.

Alisimama.

Harufu hiyo aliijua. Kila daktari wa meno anaijua. Ni ile inayotoka unapong'oa kofia ya bandia ya jino la zamani na kukuta chini yake jino limeoza kwa miaka, usaha umelala humo kimyakimya... tamu kidogo, nzito, inang'ang'ania puani hata ukifika nyumbani. Lakini hiyo hutoka kwenye tundu dogo kama punje ya mtama. Hii ilikuwa imejaa ngazi nzima.

Akatoa barakoa mkobani, akaivaa. Akausukuma mlango.

Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka, wamepangana ukutani, wake kwa waume. Mshumaa mmoja uliwaka katikati. Hakuna aliyezungumza. Wote walikuwa wameachama vinywa, taya zimelegea, macho yametazama dari. Mate yaliwatiririka videvuni na kulowesha vifua vyao. Sauti pekee ilikuwa ya matone.

Tap... tap... tap.

Mfunuzi alikuwa anapita na beseni. Alikuwa amenenepa, kanzu yake safi, ndevu zimechanwa vizuri. Kila alipofika kwa mtu alimgusa shingoni, na mtu yule akatema. Hayakuwa mate ya kawaida. Yalikuwa mazito kama uwanga uliochacha, yakatoka kwa uzi mrefu usiokatika, mpaka Mfunuzi akaukata kwa kidole chake.

Kisha akachota humohumo kwa kijiko, akamnywesha aliyefuata.

Daktari alikuwa ametazama vinywa vya watu maisha yake yote. Damu, usaha, funza kwenye kidonda cha mlevi, vyote alivishuhudia na mchana wake akala akashiba. Lakini sasa aliibana barakoa puani kwa mikono miwili.

"Unafanya nini?" alinong'ona.

Mfunuzi aligeuka, akatabasamu. "Binti wa mwalimu! Hatimaye. Usiogope. Wanamwaga nafsi."

"Hayo ni makohozi."

"Kwa macho ya nje." Sauti yake ilikuwa laini kama mafuta. "Nafsi ni uchafu, nao umelala mwilini. Hutoka kwa kinywa. Mtu akishakuwa mtupu, tunashirikiana utupu wetu, na Mgeni anakaribia."

"Baba hakusema hivyo hata siku moja. Nafsi alimaanisha ubinafsi wa mtu. Mgeni alimaanisha huruma."

"Baba yako alifumba. Mimi nimefumbua."

Daktari hakuona haja ya kubishana. Alikuwa ameshamwona Shangazi. Alikuwa pembeni, karibu na dirisha, mtandio umemwanguka mabegani. Yeye aliyekuwa hawezi kukaa dakika bila kumchokoza mtu, alikuwa ameketi kama gunia. Daktari akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, shangazi."

Macho yakashuka taratibu kutoka darini. Yakamtazama. Hayakuwa na utani wowote ndani yake.

Shangazi hakusema marahaba.

"Karibu," alisema.

Na chumba kizima, wote kwa pamoja, kwa sauti moja ya chini iliyolowa...

"Karibu."

Nywele zilimsimama daktari. Mikono ikafanya kazi iliyozoea, labda kwa sababu akili ilikuwa imekataa. Aliwasha tochi ya simu, akamshika Shangazi kidevu, akamulika ndani ya kinywa kile alichokijua kuliko kinywa chochote duniani. Kinywa kisichokuwa na jino hata moja tangu yeye yuko shule.

Kulikuwa na meno.

Yalikuwa madogo, membamba, meupe kama ya mtoto mdogo. Yameota kwenye fizi, yameota kwenye kaakaa, yameota chini ya ulimi, kwa mafungu, kama uyoga kwenye gogo bovu. Yalikuwa yamelowa. Na mwanga ulipoyafikia, yale ya nyuma kabisa, karibu na koromeo, yalirudi ndani polepole.

Daktari aliruka nyuma akakaa kitako.

"Umemfanya nini? Meno gani haya?"

"Meno?" Tabasamu la Mfunuzi lilisita. "Meno yapi?"

Alikuja na beseni lake mkononi, akainama, akachungulia. Daktari alimwona usoni. Rangi ilimtoka yote. Ndipo alipoelewa jambo ambalo lilimchukiza kuliko beseni na kijiko. Mtu huyu hakuwa anajua chochote. Hakuwa mchawi. Hakuwa hata na imani. Alikuwa ameyaokota maneno makubwa barazani kwa mtu, akayachezea mbele ya watu kwa kuwa yalimpendeza mdomoni, naye alipendeza alipoyasema.

"Mimi..." Mfunuzi alinong'ona. "Mimi nilikuwa nasema tu."

"Ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu! Nilisema Mgeni. Neno tu. Nilisema, Mgeni aje akae vinywani mwetu, kwa sababu lilivyosikika... lilisikika vizuri." Aliliinamisha beseni bila kujua, makohozi yakamwagikia kanzu yake. "Tangu mwezi uliopita wanaitikia wote kwa pamoja. Nilidhani wamenielewa."

Tap... tap...

Matone yakakoma.

Wote walikuwa wamefunga vinywa. Wote walikuwa wamegeuka. Hawakumtazama daktari. Walimtazama Mfunuzi.

"Karibu," walisema.

Daktari alimwingiza Shangazi mikono kwapani, akamburuta. Alikuwa mzito mno kwa mwili wake mdogo, na baridi. Nyuma yao Mfunuzi alianza kusema maneno yake upesiupesi, nafsi, roho, siri, utupu, nafsi, roho, yakimtoka bila mpangilio kama mtu anayetupa vyombo kuzuia mwizi. Kisha ukasikika mlio wa beseni kuanguka. Kisha sauti yake nzuri ikawa inatoka kama inapita majini. Daktari hakugeuka. Mlango ulifungwa nyuma yao, na si yeye aliyeufunga.

Alimpeleka Shangazi kliniki kwa teksi, madirisha yote wazi, dereva akiziba pua bila kuficha. Alimlaza kwenye kiti, akamchoma sindano ya ganzi, akachukua koleo.

Hayakung'oka kama meno. Yalitoka kwa urahisi wa kuchukiza, kwa sauti ya majani yanayong'olewa kwenye tope, na kila moja lilitoka na mzizi mrefu, mweupe, mwembamba kama uzi. Juu ya sinia mizizi ile ilijikunja. Ikatafutana. Daktari alitapika kwenye sinki, akasuuza kinywa, akarudi, akaendelea. Akatapika tena. Hakuacha hata moja. Alihakikisha kwa kioo, kwa taa, kwa kidole.

Alipomaliza, Shangazi alikuwa analia. Machozi ya kweli, ya mtu.

"Nilikuwa najua ni muongo," alisema kwa mdomo uliokufa ganzi. "Usidhani mimi mjinga, mwanangu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unakwenda kufanya nini, shangazi?"

"Yalikuwa maneno ya kaka yangu. Nilifumba macho, nikawa namsikia. Hata kama yametiwa uchafu... nilikuwa sina pengine pa kuyasikia."

Daktari alimkumbatia, akaona aibu, kwa kuwa hata katika kukumbatia huko alikuwa ameelekeza uso wake pembeni, mbali na pumzi yake.

Asubuhi sinia halikuwa na meno. Lilikuwa na ute mzito tu, na ile harufu. Akalichoma sinia lenyewe nyuma ya jengo.

Aliporudi ndani alimkuta mtu ameketi kwenye benchi la wagonjwa. Kanzu yake ilikuwa na madoa yaliyokauka, amejifunga kitambaa kuanzia pua mpaka shingoni. Macho yake yalimtambulisha.

Daktari angeweza kumfukuza. Alivaa glavu, akavaa barakoa, juu yake akavaa nyingine, akamwonyesha kiti. Mfunuzi alifungua kitambaa. Akafungua kinywa.

Hapakuwa na meno. Hapakuwa na ulimi. Hapakuwa na koo. Nyuma ya midomo palikuwa pamezibwa, nyama laini isiyo na mstari wala tundu, kama kiganja cha mkono kilichowekwa pale kwa ndani. Alikuwa anapumua kwa pua, kwa taabu, machozi yanamtiririka. Alimshika daktari mkono, akamsihi kwa macho.

Utupu, daktari aliwaza. Huu hapa.

Alitafuta moyoni mwake chembe ya huruma kwa mtu huyu. Alitafuta kwa dhati, kama anayetafuta kitu kilichodondoka gizani. Alichokipata ni kinyaa peke yake. Na hilo ndilo lililomtisha. Aliutoa mkono wake, akamwambia aende hospitali kubwa, wakampasue, wamtafutie njia ya kula. Mfunuzi alijifunga kitambaa chake, akatoka. Hakuna aliyemwona tena. Waliokwenda kule juu ya duka la rangi walikuta mikeka imekunjwa vizuri, na wanafunzi wake wako majumbani kwao, wanapika, wanafua, wanaitikia salamu kama kawaida. Ukiwauliza habari za darasa wanacheka tu, mdomo umefungwa.

Shangazi alihamia kwa daktari. Alipona. Meno yake ya bandia yalimkaa vyema, utani ukarudi, akaanza kumwandama mpangaji wa jirani kuhusu suruali zake. Daktari alirudi kazini. Maisha yakaendelea, isipokuwa hakuweza tena kula mbele ya mtu.

Siku moja ya mapumziko, mchana mweupe, madirisha wazi na watoto wanacheza nje, alimkuta Shangazi amepitiwa na usingizi kwenye kochi. Meno ya bandia yalikuwa kwenye glasi mezani. Kinywa chake kilikuwa kimeachama, kimegeukia dirishani. Alikuwa anameza... anameza... kama mtu anayekunywa, na hapakuwa na kitu.

Daktari alisimama juu yake. Mwanga ulikuwa mzuri. Angeinama tu kidogo, angeona mpaka mwisho. Ilikuwa kazi yake. Amewachungulia watu wangapi.

Akaanza kuinama.

Kinywa kilifungwa. Taratibu, bila Shangazi kuamka, bila uso wake kubadilika hata kidogo... kilifungwa kama mtu anavyovuta mlango kutoka ndani, asionekane.