Kamba Yenye Fundo Moja

Siku ya Ijumaa nyumba ya Phanice hujaa watu. Sabato inakaribia, mboga lazima zichambuliwe, na nani ataweza kuchambua managu akiwa amefunga mdomo? Wanawake wa kijiji chake, karibu na soko la Keumbu, huja na nyungo zao. Hukaa verandani, na kazi ya saa moja huchukua asubuhi nzima.

Ijumaa hiyo habari ilikuwa moja tu: jumba la Gibson.

"Nimesikia lina vyoo saba," alisema jirani yake, Nyanchera.

"Saba! Na tumbo analo moja!" Phanice akajibu. Walicheka hadi managu yakamwagika.

Gibson alizaliwa papo hapo, ng'ambo ya kijito kinachopita chini ya shamba la Phanice. Alitajirika Nairobi, akarudi kujenga. Alifyeka matete yote ya upande wake. Akamwaga kifusi, kisha akajenga ukuta wa mawe hadi ndani ya maji. Juu ya ukuta aliweka ukumbi wa vioo, ili anywe chai huku mto ukipita chini ya miguu yake.

"Mwacheni ajenge," Nyanchera alisema. "Shamba ni la baba yake, na shamba huishia majini."

Hakuna aliyembishia. Kwao kila shamba huanza juu, barabarani, likateremka kama utepe mwembamba hadi mtoni. Wazee waligawa hivyo ili kila mwana apate maji. Basi kila mtu aliamini kwamba mpaka wake ni pale miguu inapolowa.

Managu yalipokwisha, Phanice alishuka bustanini kuchuma mengine. Mvua ya jana ilikuwa kali. Alipofika alisimama, mikono kiunoni.

Alikuwa na matuta kumi ya mboga. Tuta la mwisho halikuwepo. La tisa lilibaki nusu, mizizi ya mboga za chinsaga ikining'inia hewani. Kijito kilikuwa kimekula udongo kama mtu alavyo ugali, tonge kwa tonge. Bustani hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Ndiyo iliyompa kiti chake soko la Keumbu. Mvua tatu nyingine kama hiyo, na angekuwa mnunuzi wa mboga badala ya muuzaji.

Ng'ambo, Gibson alikuwa ukumbini na kikombe chake.

"Wee Gibson! Ukuta wako unanisukumia mto!"

"Bwakire, Mama Valentine," Gibson akamsalimu kwa upole. "Mto ni wa Mungu. Mimi nimejenga kwangu. Hati yangu inafika majini."

"Na mboga zangu zimefika wapi? Ziwa Victoria?"

Gibson akacheka. Kisha akanyoosha kidole. "Kabla ya kunihukumu, angalia pale. Ile mikaratusi ya mzee wenu iko wapi, kama si majini?"

Phanice aligeuka. Kando ya bustani yake ilisimama mikaratusi ishirini, mirefu, mizizi yake ikinywa mtoni. Baba mkwe wake aliipanda zamani kuonyesha mwisho wa shamba. Chini yake hapakuwa na hata unyasi mmoja.

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kijijini hapo, Phanice alikosa jibu.

Hasira haikumwacha akae. Jumapili alikwenda kwa Orpah, katibu wa chama cha watumiaji maji. Orpah alikuwa mwanamke mpole, mwenye buti za mpira na daftari. Walishuka pamoja hadi mtoni. Ogeto, mume wa Phanice, aliwafuata polepole akiwa na kamba ya ng'ombe begani.

"Mto ukijaa hutafuta nafasi," Orpah alieleza. "Matete na nyasi za ukingoni huyapunguza maji mbio, na mizizi hushika udongo. Ukiweka ukuta, maji hayapungui. Yanageuka na kupiga upande wa pili. Mto ni kama ng'ombe. Mzibie malisho upande huu, atakula ya upande ule."

"Kwa hiyo ni Gibson!" Phanice alipiga kofi.

"Ni Gibson. Na ni nyinyi pia."

"Sisi tena?"

"Mikaratusi inakunywa maji mengi, na chini yake nyasi hazioti. Mvua ikinyesha, udongo uko uchi. Sheria inataka tuanzie pale maji hufika mto unapofurika. Kutoka hapo, kila upande, tuache mita zisizopungua sita. Mto mpana huachiwa zaidi, hata mita thelathini. Shamba linabaki lako. Lakini hapo hujengi, hulimi, wala hupandi mikaratusi."

Orpah aliomba kamba. Akapima mita sita, akafunga fundo. Walipoilaza kutoka alama ya mafuriko, fundo liliipita mikaratusi yote. Likayapita pia matuta mawili ya chini, lile lililoliwa na lile lililobaki nusu.

Ogeto alitikisa kichwa. "Hii miti ni ya baba. Nitamwambia nini kaburini?"

"Baba Valentine," Phanice alisema, "mwambie tulitoa matuta mawili tukaokoa manane. Na mwambie kwamba mke wako hatanyamazishwa tena na miti."

Ogeto aliitazama ile mizizi iliyoning'inia. "Basi nikate wa kwanza mwenyewe," akasema.

Walipata ruhusa ya naibu wa chifu. Kisha Phanice akaita risaga, kundi la majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu. Walikuja watu thelathini na mashoka na mapanga yao, na uji ulichemka kutwa. Miti ilianguka mmoja baada ya mwingine, mbele ya vioo vya Gibson.

"Msing'oe visiki!" Orpah alionya. "Mkiving'oa ukingo utabomoka. Kateni machipukizi kila yanapotokea. Katikati pandeni matete na mianzi."

Mti wa mwisho ulipolala, Phanice alisimama kwenye kisiki chake.

"Gibson! Ulisema nitazame miti yangu. Nimeitazama. Sasa toka nje uitazame mahali ilipokuwa! Mimi nimemaliza. Wewe unaanza lini?"

Pazia la ukumbini lilifungwa.

Lakini barua ya malalamiko ilikwisha kwenda ofisi ya maji, ikiwa na sahihi arobaini na mbili. Orpah aliiandika, na Phanice aliizungusha nyumba kwa nyumba. Gibson alituma watu kumbembeleza aliondoe jina lake kwenye barua. Alimtumia hata gunia la sukari. Phanice aliliacha pale pale getini pake, likiwa bado limefungwa.

"Mwambieni chai yangu ina sukari ya kutosha," alisema.

Maofisa walikuja, wakapima. Walichora alama nyekundu ya X kwenye ukuta na ukumbi wa vioo. Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya fundo, ikaachwa na vyoo vyake saba. Gibson alipewa siku za kubomoa mwenyewe. Alinung'unika, akatishia, akazunguka ofisi baada ya ofisi. Mwishowe mafundi wake waliyatoa mawe, jiwe kwa jiwe, na kijiji kizima kilipata kazi ya kutazama.

Mvua za Aprili ziliposhuka, kijito kilijaa kama kawaida yake. Safari hii kilipanda pande zote mbili, kikalala juu ya matete machanga, kikateremka taratibu. Asubuhi Phanice alihesabu matuta yake. Manane. Hakuna hata moja lililoguswa.

Ng'ambo, Gibson alikuwa amesimama kwenye udongo mtupu, suruali imekunjwa. Maji yalikuwa yamechukua sehemu ya kifusi chake.

"Mama Valentine," aliita, bila kikombe. "Hayo matete mlipata wapi?"

Wanawake waliokuwa wakichuma mboga walisogea wote ukingoni, wasikose neno.

Phanice aling'oa kichaka kimoja cha matete, akakirusha ng'ambo. Kikaanguka miguuni pa Gibson. Kisha akaitoa begani ile kamba ya ng'ombe, akaizungusha, akairusha pia.

"Mbegu hiyo hapo. Na kamba hiyo hapo. Usiikate, ina fundo moja tu, na ni hilo hilo lililopima kwangu."

Gibson aliinama, akaiokota. Akaanza kupima.

"Kaza kamba!" Phanice akapaza sauti. "Naiona imelegea!"