Bahari ya Lita Sitini

Kila asubuhi kengele ya saa kumi na moja na nusu ilipolia, wanafunzi wa shule moja ya bweni mtaani Makomeno walikimbilia ndoo za kuogea. Amida alikimbilia baharini.

Ikumbukwe kwamba jiji la Lubumbashi halina bahari. Lina shaba, lina vumbi jekundu, na samaki wa baharini anayejulikana sana mjini ni thomson, ambaye hufika sokoni akiwa ameganda kama tofali. Bahari nzima ya Makomeno ilitosha ndani ya sanduku la kioo la lita sitini, juu ya meza ya maabara. Amida, msichana wa miaka kumi na mitatu wa darasa la saba, ndiye aliyekuwa Waziri wake wa Bahari. Cheo hicho alipewa na Mwalimu Alexis, mwalimu wa biolojia, aliyeianzisha bahari hiyo miaka minne kabla kwa chumvi ya vifurushi na ukaidi mwingi.

Humo hamkuwa na samaki hata mmoja. Mlikuwa na matumbawe laini kumi na moja. Mwalimu alikuwa amerudia mpaka koo likamkauka: hayo ni wanyama, si mimea, ingawa hayana macho wala miguu, na ndani ya miili yao hukaa viumbe rafiki vidogo mno, vya kijani na kahawia, ambavyo hupika chakula kwa mwanga na kuwagawia wenyeji wao. Tumbawe lililo kubwa kuliko yote, nene kama uyoga, lenye nywele ndefu za manjano zilizoyumba majini, wanafunzi waliliita Mama Mkubwa.

Juu ya sanduku ilining'inia taa ya LED yenye vifungo viwili, kimoja cha mwanga mweupe na kingine cha bluu, vyote vikianzia sifuri hadi mia. Pembeni Mwalimu alibandika karatasi: “Nyeupe 30. Bluu 45. Saa nane kwa siku. Usiguse.”

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Mwalimu Alexis alianguka kutoka kwenye pikipiki akavunjika mguu, wakampeleka kwa mama yake, kijijini Lukafu, akauguzwe. Kabla hajaondoka alimwita Amida.

“Waziri, kila Jumamosi saa nne nitapiga simu kwa Mama Kiki. Utaniambia jambo moja tu: yamefunguka au yamefumba.”

Mama Kiki alikuwa mpishi wa shule, na wanafunzi hawakuruhusiwa kuwa na simu. Kwa hiyo habari zote za bahari zilikuwa zipitie jikoni, katikati ya sufuria za bukari, yaani ugali, na za sombe ya majani ya muhogo.

Juma moja baadaye umeme ulikatika. Si kwa saa mbili kama ilivyozoeleka. Ulikatika siku tatu nzima. Pampu ndogo iliendelea kuzungusha maji kwa betri ya pikipiki, lakini taa ilizima kabisa. Amida aliyatazama matumbawe yake gizani akahisi njaa kwa niaba yao.

Alhamisi mchana bweni zima lilipiga kelele: “Courant inarudia! Bantu, courant inarudia!”

Kila mkazi wa Lubumbashi anajua kinachofuata. Umeme ukirudi, hakuna anayengoja. Pasi zote huwashwa, simu zote huchomekwa, maji hupampiwa, maharagwe hupikwa, vyote kwa pamoja, kwa sababu hakuna ajuaye utakaa saa ngapi. Amida naye alikimbia maabara. Akaona nywele za Mama Mkubwa zimejivuta juu, nyembamba, kana kwamba zinautafuta mwanga. Maskini! Siku tatu bila chakula! Akashika kifungo cha nyeupe akakizungusha mpaka mia. Akashika cha bluu, mpaka mia. Na ili kufidia zile siku zilizopotea, akaiacha taa iwake saa kumi na nne.

Kesho yake matumbawe yote yalikuwa yamefumba. Mama Mkubwa alikuwa bonge la ngozi lisilo na unywele hata mmoja.

“Bado yana njaa,” Amida alijiambia. Akaiacha taa palepale kwenye mia.

Jumamosi saa nne Mama Kiki alitoa kichwa dirishani.

“Amida! Mwalimu wako iko ku telefone. Kuya mbio, bukari yangu itaungua!”

Sauti ya Mwalimu ilikuja ikikatika. “Waziri! Yamefunguka?”

Amida alikusudia kusema kweli. Ulimi wake ulikusudia vingine. “Yamefunguka, Mwalimu.”

“Yote?”

“Yote.”

“Ah! Mungu akubariki.”

Ulikuwa uongo mdogo, wa sentensi mbili. Alipanga uwe kweli kabla ya Jumamosi nyingine. Yangefunguka tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini hayakufunguka. Katikati ya juma yalianza kupauka. Rangi ya manjano ikawa maziwa, ya kahawia ikawa jivu, na mawili madogo yakayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Mama Julienne, mkuu wa shule, ambaye wote walimwita Mama Prefe, alipoliona povu juu ya maji aliuliza swali moja tu: nani amegusa? Darasa zima likamtazama Jephté. Jephté alikuwa mchekeshaji wa darasa, na kila mtu alikuwa amemwona siku moja akitumbukiza kipande cha mkate ndani ya sanduku.

“Mi nilitupa mukate kidogo tu,” Jephté alijitetea, “kipande kama ya kucha! Na Amida aliitoa palepale. Amida, sema basi!”

Amida alitazama viatu vyake. Ni kweli, alikuwa ameutoa ule mkate na kijiko, nao haukudhuru kitu. Alijua pia kwamba karatasi ya “Usiguse” ilikuwa imegeuzwa kuelekea ukutani, na alijua ni mkono wa nani ulioigeuza. 

Jephté alipewa majuma mawili ya kusugua vyoo, na marufuku ya kukanyaga maabara. Alipita mbele ya Amida akiwa amebeba brashi begani kama bunduki, akampigia saluti.

“Waziri, bahari yako iko naje? Yangu iko nanuka, lakini iko na courant.”

Wenzake walicheka. Amida alijaribu kucheka nao, kicheko kikakataa kutoka.

Jumamosi ya pili alisema tena, “Yamefunguka.” Safari hii Mwalimu hakuuliza hata kama ni yote.

Baada ya hapo siku zilikuwa ndefu na zote zilifanana. Chakula kilipita mdomoni kama kadibodi. Alipokea maksi tatu juu ya ishirini katika hesabu na hakujali. Kila asubuhi aliingia maabara akitumaini, na kila asubuhi alikuta taa kali ikimulika vitu vyeupe visivyosogea, kama mifupa iliyoachwa juani. Alibadilisha maji. Aliomba dua. Kwa sauti alimwomba msamaha Mama Mkubwa, ambaye hakujibu, kwa kuwa hana kinywa cha kusemea. Jambo moja tu hakulifanya, kumwambia yule mtu mmoja ambaye angejua la kufanya. Kila siku iliyopita ilifanya neno hilo kuwa zito zaidi, mpaka likawa zito kuliko lile sanduku lenyewe.

Ijumaa Mama Julienne aliingia maabara akiwa ameziba pua kwa kitambaa.

“Inatosha. Kesho saa sita mnalimwaga hili sanduku. Humo tutahifadhi maharagwe. Angalau maharagwe yanaliwa.”

Usiku huo Amida hakulala. Mapema Jumamosi alikuwa ameketi jikoni, na simu ilipolia aliipokea kabla Mama Kiki hajafuta mikono. Kwanza alisikia mtu akihema.

“Waziri, ungoje nipumue,” alisema Mwalimu Alexis. “Huku nyumbani network hakuna. Précieux, mtoto wa dada yangu, hunisukuma juu ya baiskeli mpaka mlimani, karibu saa nzima. Leo mvua imeharibu njia, tumeanguka mara mbili, na mguu umeniuma hadi nimelia kama mtoto. Lakini nikisikia yamefunguka, nashuka nikiimba. Haya, niambie.”

Mama Kiki alikuwa akikoroga bukari. Mwiko ulisimama.

“Mwalimu,” Amida alisema. Kisha akalia, na ndani ya kilio yakatoka yote bila mpangilio: siku tatu za giza, vifungo, karatasi aliyoigeuza, Jumamosi mbili, Jephté na brashi yake.

Simu ikawa kimya. Amida akafikiri network imekatika. Karibu aombe iwe imekatika.

“Nyeupe ngapi?” sauti iliuliza.

“Mia.”

“Na bluu?”

“Mia.”

“Siku ngapi?”

“Kumi na sita, Mwalimu.”

 Mwalimu alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

“Mtu akifungiwa chumba cha giza siku tatu, unamtoa umsimamishe juani saa sita za mchana, macho wazi? Giza la siku tatu lisingeyaua. Baharini pia kuna siku za mawingu. Mwanga mkali wa ghafla ndio uliowachoma wale wapishi wadogo waliomo ndani yao, wakafukuzwa, na sasa matumbawe yana njaa kweli. Sikiliza. Zima taa yote leo. Toa yaliyokufa, badilisha nusu ya maji. Kesho washa bluu kumi, nyeupe tano, saa sita tu. Kila juma ongeza tano, usiongeze sita. Na kabla ya kugusa maji, nenda kwa Mama Prefe.”

“Atanifukuza.”

“Labda. Nenda.”

Mama Kiki alichukua simu yake, akaepua sufuria. “Bukari imeungua,” alisema. “Enda, mwanangu.”

Mama Julienne hakumfukuza. Alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwita Jephté na kumwomba radhi mbele ya darasa zima, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika historia ya shule hiyo. Amida akakabidhiwa brashi. Saa sita sanduku halikumwagwa. Lilipewa mwezi mmoja.

Jephté hakuongea naye siku nne. Siku ya tano alikuja mlangoni mwa vyoo.

“Kona ile unaacha,” alisema. “Mi nilikuwa nafika mpaka kule nyuma. Weye unasugua kama mutu wa ofisi.”

“Jephté, nisamehe.”

“Ningali nawaza.” Akachukua brashi ya pili, akaanza kusugua ile kona.

Amida alifungua daftari. Kila siku aliandika alichokiona na si alichokitamani. “Nyeupe 5. Yamefumba.” “Nyeupe 5. Moja limekufa.” “Nyeupe 10. Yamefumba.” Kurasa zilijaa neno hilohilo. Kila Jumamosi aliyasoma maneno hayo kwa simu, na Mwalimu alisema tu, “Vizuri. Endelea.” Mwezi ulipoisha yalibaki matatu, na Mama Mkubwa alikuwa bado bonge lililofumba. Mama Julienne akakubali kungoja mpaka Mwalimu arudi.

Mwalimu Alexis alirudi siku mbili kabla ya likizo ya Noeli, akitembea kwa magongo. Aliingia maabara, akainama mbele ya kioo, akahesabu. Matumbawe manane hayakuwepo. Amida alisimama nyuma yake akingoja kugombezwa.

“Njoo uone,” Mwalimu alisema mwishowe.

Upande mmoja wa Mama Mkubwa, karibu na jiwe, palikuwa na nywele saba fupi za manjano. Ziliyumba.

“Amida, kosa la Alhamisi ile halikuyaua yale manane,” Mwalimu alisema. “Ungeniambia Jumamosi ya kwanza, ningejibu neno moja, ‘punguza’, na leo yangekuwa kumi na moja. Yaliuawa na Jumamosi mbili za ‘yamefunguka’. Kukosea utakosea tena, sisi sote tutakosea. Lakini kosa likisemwa mapema, huwa na dawa. Likifichwa, hata mwenye dawa hawezi kukusaidia, na huchomwa hadi asiyehusika, kama Jephté. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Mwalimu.”

Palepale pampu ikanyamaza, kisha ikaendelea kwa betri; umeme ulikuwa umekatika. Ulirudi kesho yake mchana. Bweni zima likapiga kelele, pasi zikawashwa, simu zikachomekwa. Amida naye alikimbia, mbio kuliko wote, mpaka maabara. Akashika kifungo cha nyeupe, akakishusha polepole hadi tano, kama siku ile ya kuanza upya. Kisha akafungua daftari, akaketi mbele ya bahari kungoja.