Daktari wa Nusu Zamu

Kila akitoka shule, binti wa daktari alipitia hospitalini na kuketi kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Wauguzi walimwita Mlinzi, maana habanduki.

Siku moja, saa nane kamili, mama yake alitoka, akasaini daftari la kutoka kazini, kisha akageuka kurudi wodini.

"Dakika tano tu, mwanangu."

Mlinzi alicheka kwa uchungu. Dakika tano za mama huzaa wajukuu. Alimaliza hesabu zake zote, akasinzia, akaamka.

Saa kumi na moja mama alitoka, macho mekundu. Mtoto wa kitanda cha tatu alikuwa amefariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama daktari. Hapo daktari mkuu alikuwa akipita.

"Pole sana, dada. Na asante kwa kubaki leo," alisema. "Kuhusu ukuu wa wodi, tumempa mwenzako. Najua mlianza kazi siku moja, lakini yeye hushinda hapa. Wewe ni wa nusu zamu, na mshahara ni huohuo wa nusu."

Mama aliinamisha kichwa. Mlinzi alisubiri aseme neno.

"Shikamoo, mzee," Mlinzi alisema, akasimama. "Si leo tu. Mama husaini saa nane, halafu anarudi. Kila siku. Mimi ndiye ninayemngoja."

"Nyamaza, mwanangu!"

"Mwache," mzee alisema. Aliingia wodini, akafungua mafaili ya wagonjwa. Saa kumi, saa kumi na nusu, saa kumi na moja: ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wa mama.

Alirudi taratibu. "Dada, umefanya hivi miaka yote kumi na miwili ya nusu zamu?"

"Niliomba nusu zamu nilipojifungua huyu. Nikaona haya kudai zaidi."

"Kuanzia kesho utaandika saa ya kweli, na utalipwa zamu nzima kama mwenzako. Ukuu wa wodi umeshatolewa. Na malipo ya nyuma… sina uwezo nayo. Nisamehe."

Njiani Mlinzi alinong'ona, "Mama, ni kwa sababu yangu?"

Mama alisimama, akamshika mabega. Machozi yalimtoka waziwazi.

"Si wewe. Kosa langu ni lile daftari. Niliandika uongo kila siku, nikidhani kazi itanisemea. Kazi haina mdomo, mwanangu. Ukifanya kazi, sema umeifanya. Huko si kujisifu, ni kusema kweli. Ukinyamaza, watu hukupimia haki yako kwa kipimo cha kimya chako."

Wakaenda, wameshikana mikono, hakuna aliyekuwa na haraka.